Mkate wa Lola

Mwanamke yule hakubisha hodi kama watu wanavyobisha. Alisukuma lango, akaingiza kichwa kwanza, kisha mwili wote, akasimama katikati ya ua akikagua chini kama aliyeangusha sindano. Muattar alikuwa ameinamia tanuri, mkono umevikwa glavu nene ya pamba hadi kwenye kiwiko, akibandika mkate wa mwisho kwenye ukuta wa ndani. Alipoinuka, uso mwekundu kwa joto, macho yao yakakutana.

"Salaam aleikum, mwanangu. Eti hapa ndipo kwa fundi wa majiko?"

"Aleikum salaam, mama. Mtaa huu hauna fundi wa majiko."

"Maskini mimi! Basi nimepotea."

Lakini hakuondoka. Aliangalia njia ya langoni ilivyofagiliwa, akaangalia mzabibu uliofungwa vizuri kwenye fito zake, akaangalia vidole vya Muattar. "Na mikate hii unaoka wewe?"

"Mimi na wifi yangu."

"Hebu nipatie maji, mwanangu. Koo limekauka."

Zebo, mke wa kaka yake Muattar, alitoka jikoni akijifuta mikono, akamtazama mgeni mara moja tu, akaelewa. Katika mji wa Rishton hakuna mama wa makamo anayepotea njia akiwa na hereni za dhahabu na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope. Alipita karibu na Muattar, akamfinya kiunoni.

"Mshenga huyo," alinong'ona. "Funga kitambaa vizuri kichwani. Na maji usimpe, mpe chai."

Wakamkalisha kwenye kitanda cha uani, chini ya mzabibu. Zebo ndiye aliyemimina chai, kidogo kidogo, inayofunika tu sakafu ya bakuli, ikiisha anaongeza kidogo tena. Ndivyo anavyomiminiwa mgeni ambaye mwenyeji hataki aondoke. Bakuli likijazwa hadi ukingoni, mgeni anajua ameambiwa anyanyuke aende zake. Mgeni huyu alimiminiwa chai ya chini ya bakuli mpaka mama Inobat, mama yake Muattar na mwenye nyumba, akarudi kutoka sokoni. Na hapo ndipo fundi wa majiko aliposahauliwa kabisa.

Mgeni aliitwa Hojar. Alikuwa na mpwa mji wa Kokand, daktari wa mifugo, jina lake Ulugbek, kijana mtulivu asiyekunywa wala kuvuta.

"Mimi kazi yangu ni kuuliza tu," alisema, akitafuna zabibu kavu. "Wakubwa wataamua."

Alipoondoka, mama Inobat alimfungia mikate miwili kwenye kitambaa. Mikate hiyo ilikuwa na maana yake: hatujakubali, lakini lango hatujafunga.

*

Jambo ambalo Hojar hakuliona siku ile lilikuwa linajulikana na watu watatu tu: Muattar mwenyewe, mama yake na Zebo.

Lilianza kwenye harusi ya mwanafunzi mwenzake wa zamani, katika chumba kilichojaa wanawake bega kwa bega. Bila sababu yoyote moyo wa Muattar ulianza kukimbia kama umefukuzwa. Vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, na akawa na hakika, hakika isiyo na chembe ya shaka, kwamba anakufa pale pale mbele ya sahani za pilau. Hakufa. Alitoka nje akitambaa na ukuta, akasingizia tumbo. Tangu hapo ile hali ilimjia ilipotaka, sokoni, msibani, hata kwenye tanuri. Mama yake alisema ni kijicho cha watu, akawa anachoma majani makavu ya isirik na kumzungushia moshi kichwani. Moshi wenyewe ulimziba pumzi zaidi, lakini Muattar alivumilia kwa sababu mama alikuwa akilia huku akizungusha.

Zebo ndiye aliyempeleka kwa daktari, wakidanganya kwamba wanakwenda kununua chachu. Daktari, mwanamke aliyekuwa na mafua siku ile, alimpima moyo, akasikiliza mapafu, akasema moyo ni mzima. Hiyo ni hofu, alisema, mwili unapiga kengele ya moto wakati hakuna moto. Inatisha lakini haiui. Ikija usiikimbie. Kaa. Pumua kwa pua, halafu toa pumzi polepole kwa mdomo, kama unavyopuliza chai ya moto. Itapanda, itafika juu, itashuka.

Tangu siku ile, hali ilipokuja, Zebo alikuwa akiacha chochote alichoshika, akakaa naye chini nyuma ya tanuri, akamshika mkono.

"Puliza chai, wifi," alikuwa akisema. "Bado ya moto hiyo. Puliza tena."

Muattar hakuwa na dada. Katika mtaa ambao wake wa makaka na mawifi hutafutana ubaya hata kwenye chumvi, yeye alijiona mwenye bahati.

Kwa hiyo Hojar aliporudi mara ya pili, na mama Inobat akaanza kuhesabu magodoro ambayo bintiye angekwenda nayo kwa mume, ni Zebo aliyeulizwa kwanza, pale pale nyuma ya tanuri.

"Nimwambie?"

"Nani?"

"Huyo Ulugbek. Nimwambie ukweli?"

"Umerogwa? Mama yako atakuzika na unga huu."

Mama Inobat, kweli, alikuwa ameshasema. "Hata neno moja, Muattar. Ukishazaa, itakwisha. Mimi mwenyewe nilipoolewa nilikuwa nalia kila asubuhi, nani aliniuliza?"

"Mama, bibi harusi husimama langoni kwa wakwe asubuhi nzima, shela usoni, anainamia kila mtu anayeingia. Ikinijia pale?"

"Haitakujia. Nitakuchomea isirik ya kutosha."

Wakaruhusiwa kukutana mara ya kwanza, kwenye benchi kando ya mfereji, Davron kaka yake akijifanya anasoma gazeti benchi la pili. Ulugbek aliongea habari za ndama aliyezaliwa miguu ya nyuma ikitangulia, akionyesha kwa mikono jinsi alivyomvuta, mpaka akaona haya na kuificha mikono mifukoni. Muattar alicheka. Maneno aliyokuwa ameyapanga yalikuwa mdomoni, lakini Davron alikunja gazeti na muda ukawa umekwisha.

"Nimempenda," alimwambia Zebo jioni ile, wakikanda unga. "Ndiyo maana lazima nimwambie. Jumapili tunaonana tena. Nitamwambia kwa mdomo wangu, akikimbia na akimbie."

Zebo aligeuza donge la unga.

"Na mama?"

"Mama atanisamehe baadaye."

"Haya," Zebo alisema. "Unajua mwenyewe."

*

Jumapili haikufika. Alhamisi mtoto asiyejulikana alileta furushi lililofungwa kwa kitambaa kile kile, akaliweka kizingitini, akatimua mbio. Ndani mlikuwa na mikate miwili, imekauka, mizima, haijaguswa hata ukingoni: uchumba umekataliwa.

Mama Inobat aliketi palepale kizingitini. Hakulia. Aliigeuza mikate uso wake ukae juu, kwa sababu hata katika aibu mkate haulazwi kifudifudi.

"Nani?" alisema. "Nani amewaambia?"

Alishuku jirani wa kushoto, aliyewahi kusikia Muattar akihema nyuma ya ukuta. Akashuku mpiga ramli aliyemuuzia isirik. Kwa juma zima hakumsalimia jirani, na jirani, ambaye hakujua kosa lake, alianza kumlipa kwa kutupa maji machafu karibu na lango lao. Davron alisema wanaume wa Kokand wana kiburi tangu zamani. Zebo alimshika Muattar mkono nyuma ya tanuri na kulia pamoja naye. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo Muattar alilolifikiria sana baadaye.

*

Lola aliingia langoni akikimbia, shali imemwanguka mabegani. Alikuwa mdogo wake Zebo, wa nne katika mabinti watano, miaka kumi na tisa. Wachumba wawili walishakuja kwao wakanywa chai na kupotea, na baba yao alikuwa ameanza kumwangalia kama anavyoangalia paa linalovuja.

"Dada Muattar! Dada yangu yuko wapi?"

"Ametoka kupeleka mikate. Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Mimi ndio nitakufa!" Alimkumbatia, akampaka unga wote shingoni. "Wananivunjia mkate Jumamosi, nachumbiwa! Kijana wa Kokand, daktari wa ng'ombe. Ameniambia habari ya ndama mpaka nimecheka kama mwehu, Davron aliyekuja kunisindikiza akanikanyaga mguu."

Muattar alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, kama inatoka chumba cha pili. "Daktari wa ng'ombe."

"Ulugbek. Shangazi yake ndiye mshenga. Mama mmoja ana hereni hizi! Ni dada Zebo aliyewaelekeza kwetu, Mungu ampe. Yaani walikuwa wameshakwenda nyumba nyingine kwanza, msichana wa huko eti huanguka, ana kifafa sijui wazimu, na wenyewe wamemficha. Dada Zebo akawaonya kabla hawajavunja mkate." Uso wake ukalegea. "Maskini huyo msichana. Sijui ni nani. Nimemwombea dua, walahi."

Jani la mzabibu lilianguka kwenye unga. Muattar alilitoa kwa ncha za vidole.

"Utaoka, si ndiyo?" Lola alisema. "Uliahidi. Ile siku mikate yangu yote iliangukia majivuni nikalia, ukaniambia, usilie mwehu wewe, mkate wa kuvunjwa wako nitaoka mimi, na nitauweka mwenyewe kwenye kitambaa mbele ya wakwe zako. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Mimi nitakuwa nimefichwa chumba cha ndani, si unajua, msichana mwenyewe haonekani siku hiyo. Lakini nitachungulia. Utaoka?"

Angalia jinsi maneno madogo yanavyokuwa mazito. Muattar alimwangalia yule binti, unga shavuni, hajui lolote.

"Nitaoka," alisema.

*

Chakula cha jioni kililiwa uani kama kawaida: mama Inobat mahali pa heshima, Davron pembeni yake, Zebo karibu na birika. Muattar alinyoosha mkono akalichukua birika kutoka mbele ya Zebo.

"Leo namimina mimi."

Alimmiminia mama, kidogo. Akammiminia kaka, kidogo. Kisha akachukua bakuli la Zebo, akamimina, akaendelea kumimina, mpaka chai ikavimba ukingoni na kumwagika kidogo kwenye kitambaa. Akaliweka mbele yake.

Davron aliacha kutafuna. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumjazia mwingine bakuli.

"Wee Muattar, una nini?" mama Inobat alisema. "Wifi yako ni mgeni hapa?"

"Mwulize yeye."

Zebo alilitazama bakuli. Kisha akalishika kwa mikono miwili, likiunguza, akainywa yote bila kulitua.

Walikutana nyuma ya tanuri baadaye, kabla giza halijaingia sawasawa.

"Lola amekuambia," Zebo alisema.

"Hajui alichoniambia."

"Wifi, nisikilize. Wangejua tu. Ungeanguka langoni kwao mbele ya mtaa mzima. Nimekuokoa na aibu hiyo."

"Nilikuwa nakwenda kumwambia Jumapili. Ulijua."

"Na angekuacha Jumapili! Tofauti yake nini? Kijana mzuri angepotea bure, na sisi kwetu tuko watano, baba anatuhesabu kama madeni. Wewe mama yako anakupenda hata ukikaa hapa mpaka uzeeke. Lola nani atamweka?" Alikuwa ameanza kulia. "Na sikusema uongo. Nilisema ukweli tu."

"Ulisema kifafa? Ulisema wazimu?"

"Sikusema wazimu. Hilo wameongeza wenyewe."

"Ukweli ulikuwa wangu, Zebo." Hakumwita wifi. "Labda angekimbia. Labda asingekimbia. Nilitaka nione uso wake. Wewe umechukua kitu nilichokuwa nakuambia nikiwa sina pumzi, ukakitumia kumnunulia mdogo wako mume."

Kifua kilianza kubana pale pale. Zebo aliona, akanyoosha mkono kwa mazoea. "Puliza chai, wi..."

"Usiniguse."

Zebo akasimama mkono ukiwa hewani. Muattar aliketi chini peke yake, mgongo kwenye udongo wa moto wa tanuri, akapumua. Ilipanda mbali sana safari ile, mpaka akaona nukta nyeusi. Hakukuwa na mkono wa kushika. Akashika magoti yake mwenyewe. Ilichukua muda mrefu, lakini ilishuka.

*

"Uwaokee wao?" Mama Inobat alikuwa ameshajua, na sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani ambaye sasa alikuwa amesafishwa jina. "Wamekula nyama yako, sasa uwapelekee na mkate? Mtaa utacheka mpaka meno yaanguke!"

"Nilimwahidi Lola, mama. Lola hajanifanya kitu."

"Damu yao moja!"

"Basi mimi na Davron damu yetu moja, na yeye alijua tangu siku aliyomsindikiza Lola benchini. Amefunga mdomo kwa kumwogopa mkewe. Nimwache na yeye?"

Davron, aliyekuwa anafunga kamba za viatu, aliendelea kuzifunga kwa muda mrefu kuliko kamba zilivyohitaji.

Jumamosi alfajiri Muattar aliwasha tanuri kwa mabua makavu ya mpamba. Alikanda unga kwa maziwa na mafuta ya kondoo, akaupa muda wake, akautoboa katikati mapambo kwa muhuri wa sindano, duara ndani ya duara. Mkate wa kuvunjwa hauwi wa kubahatisha. Aliinama kwenye ule mdomo wa moto, joto likamziba uso, moyo ukaanza. Akabaki ameinama. Akabandika. Akainuka, akapuliza chai isiyokuwepo, akainama tena na mkate wa pili.

Nyumbani kwa wazazi wa Zebo wanawake walikuwa wamejaa chumba kikubwa bega kwa bega, magoti yakigusana, kitambaa kimetandazwa na kimejaa lozi, peremende na sahani za pilau. Chumba kile kile, ungedhani, cha harusi ile ya zamani. Hojar alikuwa mahali pa heshima, mbali na mlango, hereni zikimeta. Kufika kwenye kitambaa Muattar alipaswa kupita katikati ya wote.

Mazungumzo yalikatika moja moja. Mtu alisema, "Si ndiye yule?" na mwingine akamfinya. Hojar aliweka bakuli lake chini.

Alifika katikati ya chumba. Hapo ikamkamata. Vidole vilikufa ganzi, akaogopa ataiangusha mikate, na mkate ukianguka siku kama ile, hata mtu mwema angesema ameutupa kwa wivu. Akashuka magotini taratibu. Akaiweka mikate kwenye kitambaa, mmoja juu ya mwingine, uso juu. Mikono ilikuwa ikitetemeka na kila mtu aliiona. Mlangoni Zebo, birika mkononi, alipiga hatua moja, akasita.

Muattar angeweza kutoka. Angesingizia tumbo. Alikaa.

"Msiogope," alisema, pumzi ikikatika. "Sio kifafa. Sio wazimu. Ni hofu, inanishika, halafu hupita. Nipeni muda kidogo." Akamwangalia Hojar, si kwa chuki. "Nilitaka kuwaambia mwenyewe, mama. Nilikuwa naokota maneno."

Akafumba macho mbele ya wote, akavuta pumzi kwa pua, akaitoa kwa mdomo, polepole. Kizee kimoja pembeni, bila kujua anafanya hivyo, kilianza kupumua pamoja naye.

Alipofumbua macho, Hojar alikuwa ameinamisha kichwa, anaiangalia mikate. Kazi yake ilikuwa kuuliza tu, na kuna mtu mmoja hakumwuliza. Aliichukua, akawapa wazee wawili wa pande zote mbili kama desturi ilivyo. Wakaishika, wakaivunja. Ilikatika kwa sauti safi, ile sauti kavu ya mkate uliopikwa sawasawa, na wanawake wakaomba dua, wengine wakifuta macho kwa ncha za vitambaa na kusema ni moshi.

Kisha pazia la chumba cha ndani likafunguka, na chumba kikashtuka kuliko kilivyoshtuka mwanzo, kwa sababu msichana anayevunjiwa mkate haonekani siku hiyo. Lola alitoka bila shela, uso umelowa. Alikuwa amesikia yote, na alikuwa ameelewa msichana aliyemwombea dua alikuwa nani. Hakumtazama dada yake. Alimpita, akalichukua birika mkononi mwake, akaja kupiga magoti kando ya Muattar.

Alimmiminia chai kidogo sana, inayofunika tu sakafu ya bakuli, akampa kwa mikono miwili.

Bado ilikuwa ya moto. Muattar akaipuliza.